Sikukuu za Taifa na Msafiri Aliye Njiani

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa jeshi na wa polisi mnaotusikiliza mkiwa kambini, vituoni na katika malindo:

Kalenda inapoonyesha siku ya sikukuu, karani hufunga ofisi yake, mwalimu hupumzika, na mwenye duka hufungua kwa kuchelewa au hafungui kabisa. Kwa askari mambo huwa kinyume. Siku ambayo wengine hupumzika ndiyo siku ambayo yeye huamshwa mapema zaidi, husimama juani kwa muda mrefu zaidi, na hurudi kambini amechelewa zaidi. Kwa sababu hiyo yafaa askari aijue sikukuu kuliko mtu mwingine yeyote: imetoka wapi, inamkumbuka nani, na inawatoa watu majumbani mwao kwenda wapi. Asiyejua hayo atauona umati tu mbele yake. Anayeyajua atawaona watu wenye safari na wenye sababu ya safari hiyo.

Tuanze na sikukuu iliyo mama wa sikukuu zote za taifa letu, yaani tarehe 9 Oktoba. Usiku wa kuamkia siku hiyo mwaka 1962, katika uwanja wa Kololo hapa Kampala, bendera ya Uingereza iliteremshwa, na bendera yetu yenye rangi nyeusi, njano na nyekundu na yenye korongo katikati ikapandishwa. Apolo Milton Obote akawa Waziri Mkuu wa nchi huru. Mjini Kampala ikasimamishwa sanamu ya Uhuru, mama akimwinua mtoto juu, iliyochongwa na Gregory Maloba, msanii mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akifundisha Makerere. Tangu mwanzo, basi, sikukuu yetu kubwa ilibeba ndani yake alama ya ujirani wa Afrika ya Mashariki.

Hapana shaka kwamba tarehe hiyo imevumilia mengi. Serikali zimekuja na kuondoka, katiba zimebadilishwa, wafalme wamefukuzwa na baadaye kurudishwa, lakini hakuna mtawala aliyethubutu kuifuta tarehe 9 Oktoba. Sikukuu nyingine hazikuwa na bahati hiyo. Mnamo tarehe 25 Januari 1971 Jenerali Idi Amin aliipindua serikali kwa nguvu ya jeshi, na katika miaka iliyofuata siku hiyo iliadhimishwa kuwa sikukuu ya Jamhuri ya Pili. Kulikuwa na gwaride, hotuba na nyimbo. Leo kijana wa miaka ishirini ukimwuliza tarehe 25 Januari ni siku gani, atakujibu kwamba ni siku inayotangulia tarehe 26.

Baada ya hapo ikaja tarehe 11 Aprili. Siku hiyo mwaka 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni waliiteka Kampala, na utawala wa Amin ukaanguka. Tarehe hiyo nayo ikawa Siku ya Ukombozi. Lakini waliokuwa wamekombolewa pamoja hawakukaa pamoja kwa muda mrefu. Vita vikarudi, na mnamo tarehe 26 Januari 1986 jeshi la upinzani la NRA liliingia Kampala. Tangu hapo tarehe 26 Januari ndiyo inayoitwa Siku ya Ukombozi katika orodha ya sikukuu za serikali, na tarehe 11 Aprili ikabaki katika kumbukumbu za wazee na katika vitabu.

Jeshi lenyewe lina siku yake, ambayo hata jina lake ni la Kiswahili: Tarehe Sita. Ni kumbukumbu ya tarehe 6 Februari 1981, wakati kikundi kidogo cha wapiganaji kiliposhambulia chuo cha kijeshi cha Kabamba. Siku hiyo haifungi ofisi wala shule, lakini kila askari anaijua.

Mafunzo ya historia hii ni dhahiri. Sikukuu iliyoletwa na bunduki peke yake huishi muda ule tu ambao mwenye bunduki hiyo yuko madarakani. Haifi kwa kufutwa katika kitabu cha sheria. Huwa imekwisha kufa siku nyingi katika mioyo ya wananchi, na sheria huja baadaye kuizika. Sikukuu inayodumu ni ile ambayo wananchi wenyewe wangeiadhimisha hata kama hakuna gwaride.

Mfano ulio wazi kabisa ni tarehe 3 Juni. Namugongo, mahali palipo mashariki ya kaskazini ya Kampala, palikuwa tangu zamani mahali pa kuulia watu waliohukumiwa na Kabaka wa Buganda. Katika miaka ya 1870, zama za Kabaka Mutesa wa Kwanza, waliuawa vijana Waislamu waliosimama imara katika imani yao. Baadaye, katika enzi ya Kabaka Mwanga, ikawa zamu ya Wakristo. Mnamo tarehe 29 Oktoba 1885 Askofu James Hannington aliuawa Busoga alipokuwa akija Buganda. Tarehe 15 Novemba mwaka huo huo Joseph Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa ikulu, aliuawa baada ya kumlaumu Kabaka kwa mauaji hayo. Na tarehe 3 Juni 1886 Charles Lwanga na wenzake, Wakatoliki kwa Waprotestanti, walichomwa moto Namugongo. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi 22 wa Kikatoliki kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na mwaka 1969 akaja Uganda mwenyewe, akiwa Papa wa kwanza aliye madarakani kuikanyaga ardhi ya Afrika katika nyakati hizi. Kanisa kubwa la Namugongo, lenye umbo la nyumba ya msonge na nguzo 22, lilitabarukiwa tarehe 3 Juni 1975.

Angalieni mwaka huo wa 1975. Ulikuwa katikati ya utawala wa Amin. Sikukuu ya 25 Januari ilikuwa na jeshi zima nyuma yake. Sikukuu ya 3 Juni ilikuwa na miguu ya mahujaji tu. Leo ni ipi iliyobaki?

Kila mwaka mahujaji hutoka Kasese, umbali wa zaidi ya kilomita 300, hutoka Kabale, Arua, Tororo, hutoka pia Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo. Wengine husafiri kwa mabasi, lakini wengi hutembea kwa miguu kwa siku nyingi, wakilala makanisani, mashuleni na katika nyua za watu wasiowajua. Kwa hiyo mwenye gari asafiriye katika wiki ya mwisho ya Mei hana budi kutazamia makundi ya watu kandokando ya barabara kuu, mara nyingi kabla ya alfajiri, wakati dereva anapoona kwa shida. Naye ataraji kwamba siku yenyewe barabara za Kireka na Kyaliwajjala ziendazo Namugongo hufungwa kwa magari ya kawaida, kwamba kila mfuko hukaguliwa langoni, na kwamba mwendo ambao siku nyingine ni wa nusu saa unaweza kumaliza asubuhi nzima. Ajuaye hayo huondoka mapema au huchagua njia nyingine. Asiyejua humtukana askari wa usalama barabarani, ambaye hana kosa.

Iko sikukuu nyingine ambayo askari polisi wanapaswa kuitafakari kwa namna ya pekee. Ni tarehe 16 Februari. Siku hiyo mwaka 1977, mbele ya askari waliokusanywa katika Hoteli ya Nile hapa Kampala, yalisomwa mashtaka ya njama dhidi ya serikali. Kabla ya kuingia siku ya pili watu watatu walikuwa wameuawa: Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana, na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ilitangaza redioni kwamba wamekufa katika ajali ya gari. Hakuna aliyesadiki. Oryema huyo ndiye aliyekuwa Inspekta Jenerali wa Polisi wa kwanza Mwafrika katika nchi hii, tangu mwaka 1964. Luwum alizikwa kwao Mucwini, katika wilaya ya Kitgum, na siku ya kifo chake hivi sasa ni sikukuu ya taifa zima, ambayo huwapeleka wasafiri kutoka kusini mpaka kaskazini kabisa ya nchi, wakivuka Nile pale Karuma.

Tangazo lile la ajali lilikuwa limekusudiwa kuimaliza habari. Badala yake, iliyoadhimishwa ni siku, na lililosahauliwa ni tangazo. Hivyo ndivyo historia ilivyo: hairuhusu mtu kuifungia kizuizi cha barabarani.

Na kwa kuwa tumetaja vizuizi vya barabarani, tuseme wazi jambo ambalo wazee wetu hawajalisahau. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 msafiri wa sikukuu alikuwa akihesabu vizuizi kama mgonjwa anavyohesabu vidonge. Alijiuliza kila mara kama atavuka na saa yake, fedha zake, au uhai wake. Zilikuwako operesheni ambazo wananchi wa Kampala waliziita kwa maneno mawili ya Kiswahili: panda gari. Watu walizingirwa mitaani, wakaamriwa kupanda malori ya jeshi, na baadhi yao hawakurudi. Kwa sababu hiyo lugha ya Kiswahili, ambayo ng'ambo ya mipaka yetu ilikuwa lugha ya umoja na ya kujitawala, kwa Waganda wengi ikawa lugha ya amri na ya hofu. Mwaka 2005 katiba yetu ilirekebishwa na Kiswahili kikawekwa kuwa lugha rasmi ya pili. Lakini katiba haiwezi kuisafisha lugha peke yake. Kazi hiyo inafanywa na askari mmoja mmoja, barabarani, kwa maneno anayochagua kumwambia mama aliyebeba mtoto na kuku wa sikukuu.

Hatusemi kwamba ukaguzi ni ubaya. La, hasha. Tarehe 11 Julai 2010, siku ya Jumapili, watu walikuwa wamekusanyika Kabalagala na katika uwanja wa Kyadondo kutazama fainali ya Kombe la Dunia. Mabomu yalilipuka, na zaidi ya watu 70 wakauawa. Kundi la Al-Shabaab la Somalia likajisifu kwamba ndilo lililofanya unyama huo. Tangu siku hiyo mkusanyiko wowote mkubwa Kampala una ukaguzi mlangoni, na msafiri mwenye akili hufungua mfuko wake bila kunung'unika. Wala hatari haiji kwa mabomu peke yake. Usiku wa kuamkia Mwaka Mpya wa 2023, katika jengo moja la maduka lililo kwenye barabara ya Entebbe, watu waliokuwa wakikimbilia kutazama fataki walibanana katika ujia mwembamba, na wasiopungua 9 wakapoteza maisha, wengi wao wakiwa watoto. Hapakuwa na adui. Kulikuwa na njia nyembamba tu na umati usioongozwa. Askari anayewapanga watu mstari na kuuacha mlango wa pili wazi anaweza kuokoa maisha ya watu wengi, na asipate nishani, maana hakuna atakayejua kwamba wangekufa.

Ndugu wasikilizaji, hatuishi peke yetu. Mipaka yetu ya Malaba, Busia, Mutukula, Katuna na Mpondwe hupitisha watu ambao kalenda zao si kama yetu. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wameweza kuvuka mipaka ya nchi hizi tatu kwa kitambulisho cha taifa. Yafaa basi askari na msafiri wote wawili wazijue siku kuu za majirani.

Kenya huadhimisha Madaraka tarehe 1 Juni, kukumbuka mwaka 1963 walipopata serikali ya ndani. Siku hiyo hutangulia ile ya Namugongo kwa siku mbili tu. Kwa hiyo mabasi ya kutoka Nairobi na Kisumu hujaa kwa safari mbili zilizokutana. Tarehe 20 Oktoba, iliyokuwa Siku ya Kenyatta kwa sababu ya kamatakamata ya mwaka 1952, imeitwa Siku ya Mashujaa tangu katiba ya mwaka 2010. Tarehe 12 Desemba ni Jamhuri. Na nchini Kenya sikukuu ikiangukia Jumapili, Jumatatu inayofuata huwa ya mapumziko, jambo ambalo limewashangaza wafanyabiashara wengi waliofika na kukuta benki zimefungwa.

Tanzania huadhimisha Mapinduzi ya Zanzibar tarehe 12 Januari, Muungano tarehe 26 Aprili, Saba Saba tarehe 7 Julai, Siku ya Nyerere tarehe 14 Oktoba, na Uhuru tarehe 9 Desemba. Wachache wanakumbuka kwamba John Okello, aliyewaongoza wanamapinduzi wa Zanzibar mwaka 1964, alikuwa mzaliwa wa Lango, huku kwetu. Na askari watakumbuka kwamba kabla ya mwezi huo kwisha maasi ya askari yalitokea Tanganyika, Jinja na Lanet, moja baada ya jingine. Kongo huadhimisha uhuru wake tarehe 30 Juni. Rwanda na Burundi tarehe 1 Julai. Sudan ya Kusini tarehe 9 Julai.

Lakini tarehe inayohitaji uangalifu kuliko zote ni 7 Aprili. Tanzania humkumbuka Sheikh Abeid Amani Karume, aliyeuawa siku hiyo mwaka 1972. Rwanda huanza maombolezo ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Msafiri anayevuka Katuna katika wiki hiyo asitazamie ngoma, muziki wa kelele wala sherehe za harusi. Ataikuta nchi iliyonyamaza. Wala asidhani kwamba kilio hicho ni cha wengine. Mwaka ule mto Kagera uliileta miili mpaka Ziwa Viktoria, na wavuvi na wanakijiji wetu wa Kasensero, Lambu na Ggolo waliitoa majini na kuizika. Zaidi ya watu 10,000 wamelala katika makaburi hayo matatu, hapa Uganda. Basi lenye kupiga muziki kwa sauti kubwa mpakani siku ya tarehe 7 Aprili linapita, kama ingewezekana kusema hivyo, katikati ya matanga.

Tumejionea pia njia inapofungwa. Mpaka wa Katuna ulifungwa mwezi Februari 1919 ya karne iliyopita? La, ni juzi tu, Februari 2019, na haukufunguliwa tena kikamilifu mpaka ulipoanza kurudi katika hali yake tarehe 31 Januari 2022. Krismasi tatu zilipita watu wa ukoo mmoja wakitazamana toka vilima viwili. Katikati ya muda huo ukaja ugonjwa wa korona, na Pasaka ya mwaka 2020 ikaadhimishwa katika nyumba zilizofungwa, chini ya amri ya kutotoka nje usiku. Tarehe 3 Juni mwaka huo njia za Namugongo hazikuwa na mahujaji. Hapo ndipo wengi walipotambua kwamba sikukuu bila safari ni nusu ya sikukuu.

Zimesalia sikukuu za dini. Idi mbili hutegemea mwezi. Kwa hiyo msafiri asipange safari kwa saa na dakika, bali aache nafasi ya siku moja, naye atazamie njia za Old Kampala na Kibuli kujaa waumini asubuhi. Krismasi ndiyo kubwa kwa mwendo wa watu. Waganda huiita Ssekukkulu, ambalo ni neno letu lile lile la sikukuu likiwa limevaa kanzu ya Kiganda. Juma moja kabla yake Kampala humimina watu wake mikoani: vituo vya mabasi hufurika, nauli hupanda, madereva hukesha, na mwendo kasi huua. Shauri letu kwa msafiri ni fupi. Kata tiketi mapema, safiri mchana, chukua kitambulisho, usipakiwe kwenye gari lililokwisha kujaa, na mwambie dereva apunguze mwendo bila kuona haya.

Na kwenu, ndugu askari, neno letu ni hili. Sikukuu nyingi za nchi hii ni kumbukumbu ya damu iliyomwagika, na mara nyingi aliyeimwaga alikuwa amevaa sare na kutii amri. Hilo halikuaibishi wewe uliye kazini leo, linakukabidhi dhamana. Msafiri anayefika kizuizini kwako siku ya sikukuu hakujui jina. Anachokijua ni sare, na sare ina historia ndefu kuliko umri wako. Ukimkagua kwa adabu, ukamrudishia kitambulisho chake kwa mkono na usidai chochote, umeiondoa siku moja katika deni la zamani. Mwisho wa sikukuu watu wakiwa wamefika walikokwenda na kurudi walikotoka, kazi yenu itakuwa imetimia, na sikukuu nayo itakuwa imepata maana.

Safari njema kwa wasafiri, na lindo jema kwenu nyote.